Nusu Picha Si Picha

Mwezi uliopita tulikwenda Magomeni Mikumi kumzika ndugu yetu mmoja, fundi seremala, mtu wa miaka 58. Wengi wenu mliokuwapo mazikoni mlimjua. Vitanda vya nyumba nyingi za Magomeni na Kigogo vimetoka mikononi mwake, na mkutano wa tawi ulikuwa hauanzi mpaka yeye amekwisha kupanga viti. Jina lake hatulitaji, kwa sababu watoto wake wametuomba tuseme habari, tusiseme jina. Basi twasema habari.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ile, marehemu aliona damu katika mkojo wake. Hakuumwa na kitu. Damu ilikuja siku mbili ikaondoka. Kwa kuwa alizaliwa Rufiji, na utoto wake wote aliogelea katika mabwawa ya huko, alipofika dispensari hakuna aliyeshangaa. “Mzee, hiki ni kichocho.” Akapewa vidonge, damu ikakatika, naye akamshukuru Mungu. Kumbe damu ile ilikuwa ya kukatika yenyewe, kwa vidonge au bila vidonge. Baada ya miezi minne ikarudi. Safari hii akaambiwa ana maambukizo ya njia ya mkojo, akapewa dawa nyingine, ikakatika tena. Mara ya tatu ilikuja pamoja na maumivu ya ubavu, na hapo daktari mmoja mwenye busara akaagiza apigwe ultrasaundi. Ikaonekana: uvimbe katika figo ya kushoto.

Daktari akaandika siti skani. Hapo ndipo habari hii inapotuhusu sisi sote. Watoto wakachangishana, jirani wakatoa walichokuwa nacho, kibubu cha mama kikavunjwa. Walipofika dirishani kulipa, mahali ambapo jina lake twaliacha, wakaambiwa kuna bei mbili: ya picha bila dawa ya kung’arisha, na ya picha pamoja na dawa hiyo, ambayo ni kubwa zaidi. Hakuna aliyewaeleza tofauti. Wakalipa ile ya chini, maana ndiyo fedha waliyokuwa nayo. Daktari alipoitazama akatikisa kichwa. Akawaambia kuwa picha ile yamwonyesha tu kwamba uvimbe upo, na hilo walikwisha kulijua. Haimwonyeshi uvimbe umefika wapi.

Wakarudi nyumbani kuanza kuchanga upya. Wiki kumi zikapita. Picha kamili ilipopatikana, uvimbe ulikuwa umetambaa ndani ya mshipa wa damu, na mapafu yote mawili yalikuwa na madoa. Hatuwezi kuapa kwamba wiki kumi zile ndizo zilizomwua ndugu yetu. Pengine madoa yale yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Lakini hilo ndilo jambo lenyewe: hakuna ajuaye, kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyeangalia.

Mwalimu alitufundisha kuwa maadui wetu ni watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Siku hizi twawataja katika hotuba kama watu waliosimama mbalimbali, kila mmoja na kona yake. Seremala wetu aliwaona wakija pamoja, wameshikana mikono. Maradhi yalikuwa katika figo, umaskini ulikuwa mfukoni, na ujinga ulikuwa pale dirishani, kwa alipaye na kwa apokeaye vilevile. Ndiyo maana twaona ni kazi ya ukurasa huu kusema juu ya kansa ya figo, ingawa sisi si madaktari. Mwalimu mwenyewe, aliyekaa Magomeni hii katika siku za kudai Uhuru, na ambaye nyumba yake leo ni makumbusho, aliondolewa na kansa ya damu katika hospitali ya St Thomas mjini London tarehe 14 Oktoba 1999. Kansa haiulizi mtu cheo chake.

Ndugu wanachama, yafaa kwanza tumjue adui huyu. Figo zimejificha nyuma kabisa ya tumbo, chini ya mbavu. Uvimbe waweza kukua humo mpaka ukafika ukubwa wa chungwa, na mwenyewe asisikie kitu. Vitabu vya zamani vya udaktari vilitaja dalili tatu: damu katika mkojo, maumivu ya ubavu, na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Leo yajulikana kwamba wagonjwa wenye dalili zote tatu hawafiki mmoja kati ya kumi, na anayefika na zote tatu mara nyingi ugonjwa wake umekwisha kwenda mbali. Wavutao sigara, wenye unene uliozidi na wenye shinikizo la damu wamo katika hatari zaidi kuliko wengine. Nasi twajua ni wangapi mitaani kwetu wenye shinikizo la damu na hawajui.

Kwa hiyo wengi wanaopona ni wale ambao uvimbe wao ulionekana kwa bahati tu. Twamjua mama mmoja auzaye chakula Kariakoo. Alikwenda kupigwa ultrasaundi kwa ajili ya mawe ya nyongo. Aliyeshika kifaa hakutazama nyongo peke yake, akakisogeza mpaka kwenye figo, akaona uvimbe wa sentimita 3. Mwanawe alikuwa na ajira yenye bima, na mama alikuwa ameandikwa humo. Wiki ile ile akapigwa siti skani kamili, ikathibitika kuwa uvimbe haujatoka ndani ya figo. Madaktari wakaukata uvimbe wakaiacha figo. Leo yuko Kariakoo na masufuria yake kama kawaida.

Watu wawili, mji mmoja, ugonjwa mmoja. Mama alikuwa na bahati ya kuonekana mapema, na bahati haigawiwi na tawi wala na serikali. Lakini ile picha kamili ya wiki ile ile haikuwa bahati. Ilikuwa kadi ya bima. Hilo laweza kugawiwa.

Sasa, picha hii ina kazi gani hasa? Kazi yake ni kutaja hatua ya ugonjwa. Fikirini barabara ya mwendokasi iliyopita hapa kwetu katika Barabara ya Morogoro, ambayo mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016. Kabla ya tingatinga walitangulia wapimaji. Walitaka kujua nyumba ipi imo ndani ya njia, bomba la maji limepita wapi, mtaro unamwaga wapi. Hakuna mkandarasi mwenye akili aletaye tingatinga kwanza, kisha akauliza ramani. Mpasuaji naye hana haki ya kushika kisu bila ramani, na ramani yake ni picha.

Hatua za kansa ya figo kwa watu wazima ni nne, na kila mtu aweza kuzielewa.

Hatua ya kwanza, uvimbe umo ndani ya figo na hauzidi sentimita 7. Ukiwa hauzidi 4, mara nyingi yawezekana kuutoa wenyewe na kuiacha figo ifanye kazi.

Hatua ya pili, uvimbe umezidi sentimita 7, lakini bado haujatoka ndani ya figo.

Hatua ya tatu, umetoka ukaingia katika mafuta yanayoizunguka figo, au umeingia katika mshipa wa damu wa figo, au katika ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, au umefika katika tezi za limfu za jirani.

Hatua ya nne, umeupenya utando unaoifunga figo pamoja na mafuta yake, au umesafiri mbali: mapafuni, mifupani, kwenye ini, au kwenye ubongo.

Tofauti ya hatua si maneno ya darasani. Katika hesabu za Marekani, watu ambao kansa yao ilikutwa bado haijatoka katika figo, zaidi ya 9 kati ya kila 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Wale ambao imekutwa imekwisha kufika mbali hawafiki 2 kati ya 10. Tena kansa hii ina ukaidi wake: dawa za kawaida za kansa za kutundikiwa haziiwezi, na mionzi hutumika zaidi kutuliza maumivu ya mifupa kuliko kuiponya. Ziko dawa mpya zinazowasaidia wengine wa hatua ya nne, lakini bei yake ni ya kumtia mtu kizunguzungu. Silaha kubwa ingali ile ile: kuuona uvimbe mapema, kuupima sawasawa, na kuutoa.

Basi tuingie ndani ya chumba cha siti skani, ili siku nyingine mtu wetu asisimame dirishani kama kipofu. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda, kitanda kikaingia katika duara la mashine. Kwanza hupigwa picha bila dawa. Kisha dawa yenye iodini huingizwa kwa sindano katika mshipa wa mkono, na picha hurudiwa kwa zamu. Mnamo nusu dakika, mishipa ya damu hung’aa. Mnamo dakika moja na nusu, nyama yote ya figo hung’aa sawasawa, na uvimbe hujitenga ukaonekana waziwazi. Dakika kadhaa baadaye dawa hushuka pamoja na mkojo, na njia za mkojo nazo huonekana.

Siri iko katika kulinganisha. Kilichokunywa dawa kikang’aa ni nyama hai yenye damu, na hicho ndicho cha kutiliwa shaka. Kisichokunywa kitu, mara nyingi ni mfuko wa maji tu, ambao watu wengi wazima wanao na hauwadhuru. Picha ya kwanza isiyo na dawa yaweza pia kuonyesha mafuta ndani ya uvimbe, na uvimbe wenye mafuta ya namna hiyo kwa kawaida si kansa. Kwa hiyo hatusemi kwamba picha bila dawa ni bure. Mwenye mawe ya figo huenda ikamtosha kabisa. Lakini kwa mwenye uvimbe ni ukurasa wa kwanza wa kitabu, na kosa ni kumpa mtu ukurasa mmoja kisha kumwambia amekwisha soma kitabu.

Kuna jambo moja la kansa hii ambalo yatupasa kulieleza peke yake. Hupenda kutambaa ndani ya mshipa kama nyoka aingiaye kwenye bomba. Huanza katika mshipa wa figo, huingia katika mshipa mkubwa, na kwa wagonjwa wengine hupanda mpaka karibu na moyo. Mpasuaji lazima ajue kichwa cha nyoka kiko wapi kabla hajagusa mkia. Kikiwa chini, aweza kuifanya kazi na wenzake wa siku zote. Kikiwa kimevuka kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, atahitaji wapasuaji wa moyo wasimame kando yake. Hapa Dar es Salaam jambo hilo lina njia, maana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, imo ndani ya eneo la Muhimbili. Lakini wapasuaji wa moyo hawawezi kuitwa kwa ajili ya nyoka ambaye hakuna aliyemwona.

Picha inapokuwa na mashaka juu ya mshipa huo, iko mashine nyingine, emarai, isiyotumia eksirei bali sumaku, ambayo huuonyesha vizuri. Yafaa pia kwa mama mjamzito, na kwa mtu ambaye iodini humdhuru. Na kila mgonjwa apimwe damu kabla ya kupewa dawa ya kung’arisha, ijulikane figo zake zafanya kazi kiasi gani. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, na huamua mengi.

Kifua nacho kisisahauliwe, kwa sababu mapafu ndiyo mahali ambapo kansa hii hupenda kwenda kwanza. Kadiri uvimbe ulivyo mkubwa ndivyo siti skani ya kifua inavyohitajika zaidi. Lakini hapa twaonya upande wa pili pia. Picha nyingi si lazima ziwe picha bora. Mtu mwenye uvimbe mdogo, asiyeumwa kichwa wala mifupa, hana haja ya kuuziwa picha ya ubongo na ya mifupa. Anayemwuzia si mganga, ni mfanyabiashara.

Wako watakaotuambia: “Hayo ni mambo ya Ulaya. Sisi wa nchi maskini tutosheke na tulicho nacho.” Twawajibu kwa historia ya mji wetu wenyewe.

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, Wajerumani walikuwa na hospitali yao mpya hapa Dar es Salaam, ufukweni, Ocean Road. Ilikuwa ya Wazungu. Mwaka huo huo ikawapo hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la tajiri aliyetoa fedha zake ijengwe, na huko ndiko walikotibiwa Waafrika na Wahindi. Waingereza walipokuja waliendelea na mtindo ule ule: rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua mtu alale kitanda kipi. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya, wakaiita Princess Margaret. Hiyo ndiyo Muhimbili ya leo. Na ile Ocean Road ya Wazungu, tangu mwaka 1996 ni taasisi inayojitegemea ya kutibu kansa, na mlangoni pake haulizwi mtu rangi yake. Hayo ndiyo matunda ya Uhuru, nasi hatuyadharau.

Siti skani nayo si mali ya taifa moja. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliitengeneza mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mjini London mwaka 1971. Lakini hesabu zake zilitangulia kufikiriwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo lilimjia alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town mwaka 1956. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Basi jambo ambalo wazo lake lilizaliwa katika hospitali ya Afrika, mtu asituambie kuwa si la Waafrika.

Mashine zenyewe zimekwisha kuja. Kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, uliotolewa wakati wa ugonjwa wa UVIKO, serikali ilinunua pia siti skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Wazee wetu wanakumbuka siku ambazo mgonjwa alisafirishwa mamia ya maili kwa ajili ya picha moja. Hiyo ni hatua kubwa, na asiyeiona ni mchoyo wa sifa. Lakini mashine si picha. Mashine huwa picha pale inapokuwa na umeme, na vipuri, na mtaalamu wa kuiendesha, na dawa ya kung’arisha iliyo kabatini, na daktari wa kuisoma. Kimoja kikikosekana, wananchi wamenunuliwa chuma.

Na hapo ndipo twapata wasiwasi. Zamani rangi ndiyo iliyoamua kitanda. Je, leo mfuko uamue picha? Mwenye kadi apewe ramani nzima, na kabwela apewe nusu ya ramani, tena alipe mara mbili? Maana tusijidanganye: nusu picha si nafuu. Watoto wa seremala walilipa ya kwanza, wakalipa na ya pili. Maskini ndiye aliyelipa zaidi, akapata baadaye zaidi.

Hatutaki pia kuwadanganya wasomaji wetu kwamba picha hujua kila kitu. Uvimbe mwingine mdogo hufanana na kansa katika picha, nao si kansa. Kuingia kidogo katika mafuta huenda kusionekane. Na katika nchi yetu, ambamo kifua kikuu kingali kikitusumbua, doa la mapafu laweza kuwa kovu la kifua kikuu cha zamani, na tezi iliyovimba yaweza kuwa imevimba kwa maambukizo. Mtu asihukumiwe kuwa ni wa hatua ya nne, akarudishwa nyumbani kufa, kwa sababu ya doa ambalo hakuna aliyelichunguza. Penye shaka, kichukuliwe kipande kidogo kwa sindano kipelekwe maabara, au picha irudiwe baada ya muda. Na figo ikishatolewa, anayeipima katika maabara ndiye mwenye neno la mwisho juu ya hatua. Mzee mwenye uvimbe mdogo sana na maradhi mengine mazito, huenda daktari akashauri uangaliwe tu kwa picha za mara kwa mara. Hayo yote ni maamuzi ya haki, lakini hayawezi kufanywa bila ramani.

Basi twadai nini? Twadai mambo manne.

Kwanza, bei iwe moja. Mtu aliyeonekana na uvimbe katika figo, siti skani yake ihesabiwe kuwa kitu kimoja: kabla ya dawa na baada ya dawa. Asiulizwe dirishani kama ataka nzima au nusu, kama mtu anunuaye mkate. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Twataka picha hii kamili isomeke ndani ya kitita cha kila mwananchi, si cha wenye ajira peke yao.

Pili, dawa ya kung’arisha ihesabiwe kama petroli ya mashine. Hakuna anunuaye gari akasahau petroli. Hospitali yenye siti skani isiyo na dawa hiyo iseme wazi, na mgonjwa apelekwe mapema mahali ilipo.

Tatu, ripoti ijibu maswali. Uvimbe una sentimita ngapi? Uko upande gani, na sehemu gani ya figo? Umekunywa dawa? Umeingia katika mafuta, na katika mshipa, na kichwa chake kimefika wapi? Tezi za jirani na ile tezi iliyokaa juu ya figo zikoje? Figo ya pili iko salama? Ini na mapafu je? Ripoti ya mstari mmoja isemayo “uvimbe upo” si ripoti. Na mgonjwa akabidhiwe picha zake katika diski pamoja na ripoti iliyoandikwa, ili asirudiwe kupigwa picha kila anapohamishwa.

Nne, wasomaji wa picha waongezwe. Mwalimu alikuwa akikumbusha kwamba mwaka 1961 tulianza na madaktari 12. Mwaka 1963 tukaanzisha shule yetu ya udaktari hapa Dar es Salaam, na leo Chuo Kikuu cha Muhimbili chafundisha madaktari bingwa wa kusoma picha. Bado ni wachache. Twaomba vijana wetu wenye akili ya sayansi wapewe nafasi ya kusomea kazi hiyo, na wakimaliza wapelekwe mikoani pamoja na mashine.

Hayo twaiambia serikali na wakuu wa hospitali. Sasa twajigeukia sisi wenyewe, kwa sababu ni rahisi kudai kwa jirani kuliko kufagia nyumba yako.

Kila balozi wa nyumba kumi awaambie watu wake: damu katika mkojo si jambo la kunyamazia, hata ikija mara moja ikaondoka. Kichocho kipo, na pwani yetu yakijua; mtu apimwe, na akiwa nacho atibiwe. Lakini mtu mzima ambaye damu yake imerudi baada ya dawa, au ambaye kipimo hakikuonyesha kichocho, asikubali vidonge mara ya pili na ya tatu. Aombe ultrasaundi ya figo na kibofu. Haina mionzi, na bei yake haifiki hata karibu na ya siti skani. Akina baba hasa, acheni haya. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Na neno la mwisho ni zito kwetu kulisema. Siku ya msiba wa seremala, daftari la mchango lilifunguliwa asubuhi chini ya turubai. Kabla ya adhuhuri zilikwisha patikana fedha za sanda, za chakula, za magari, na zikabaki. Tulizihesabu wenyewe. Zilitosha kwa picha kamili ile, ile ambayo watoto wake waliihangaikia wiki kumi. Waliochanga walikuwa watu wale wale, wa mitaa ile ile, na mifuko ile ile. Hakuna aliyekuwa mchoyo, hakuna aliyeambiwa.

Tawi limekwisha amua kwamba daftari lile halifungwi. Litakaa wazi kwa katibu, na mwanachama yeyote aliyeandikiwa picha na daktari atakuja nalo jambo lake mapema, bila kuona haya. Twayaomba matawi mengine ya Magomeni, Kariakoo na kote yafanye hivyo mpaka bima itakapomfikia kila mtu. Tuchangie ramani kabla hatujachangia sanda.